Jasusi wa Sinema Hasomi Magazeti

Kuna maelezo ambayo kila mpenzi wa filamu za kijasusi ameyakariri, na wachambuzi huyarudia kila Bond mpya anapotoka. Yanakwenda hivi: enzi za Vita Baridi adui alikuwa Mrusi, na steringi alivaa suti safi. Ukuta wa Berlin ukaanguka, filamu zikakosa adui. Ikaja Septemba 2001, dunia ikaingiwa na hofu, na jasusi naye akawa mtu wa majonzi mwenye damu mdomoni. Yaani filamu za kijasusi ni kioo cha historia. Maelezo matamu kweli, ila ukizipanga filamu zenyewe kwa tarehe zake, hayasimami.

Tuanze na huyo Mrusi. Dr. No ilizinduliwa London tarehe 5 Oktoba 1962, siku chache tu kabla Marekani na Urusi hazijakaribia kulipuana kwa sababu ya makombora ya Cuba. Na filamu inahusu nini? Kisiwa cha Karibiani ambako mtu anavuruga roketi za Marekani. Katika riwaya ya Ian Fleming ya 1958, mtu huyo anawafanyia kazi Warusi. Katika filamu anakaa na Bond mezani, chakula kimeandaliwa, anamweleza kwa dharau kwamba kwake Mashariki na Magharibi ni walewale. Bwana wake ni genge liitwalo SPECTRE. Mwaka uliofuata ikaja From Russia with Love. Kitabuni njama ni ya SMERSH, idara ya Kisovieti. Kwenye filamu mwenye njama ni SPECTRE tena, na Warusi wanachezewa shere sawasawa na Waingereza. Vita Baridi vimepamba moto, na filamu inayodaiwa kuwa kioo chake inamkwepa Mrusi makusudi.

Historia imo ndani ya Dr. No, lakini angalia imewekwa wapi. Bond anapita katika makao ya adui, anasita, anageuka kuitazama picha ya Duke wa Wellington iliyochorwa na Goya. Picha hiyo ilikuwa imeibwa kweli kutoka National Gallery ya London mwaka 1961, na kila msoma gazeti wa Uingereza alilijua hilo. Hivyo ndivyo habari za dunia zinavyoingia katika filamu hizi: zinatundikwa ukutani.

Kinachozibadilisha ni filamu nyingine, ile iliyojaza kumbi juzi. Shaft ilivuma mwaka 1971. Kufikia 1973 Bond anahangaika mitaa ya Harlem katika Live and Let Die. Mwaka huohuo Bruce Lee akaiteka dunia na Enter the Dragon. 1974 Bond anajikuta amevalishwa nguo za mazoezi katika shule ya mapigano huko Thailand. Halafu kuna The Spy Who Loved Me ya 1977. Ikifika mwisho, maandishi yanamwahidi mtazamaji kwamba Bond atarudi katika For Your Eyes Only. Hakurudi humo. Star Wars ilikuwa imetoka mwaka uleule, fedha zikamiminika, na For Your Eyes Only ikasogezwa hadi 1981. Kilichokuja 1979 ni Moonraker, ambamo mtumishi wa Malkia anapelekwa angani, huku watu wakipigana kwa bunduki za miale. Sijui ni tukio gani la Vita Baridi lililodai hilo.

Mtu atanitajia Three Days of the Condor. Sawa. Ilitoka 1975, mwaka ambao Bunge la Seneti la Marekani lilikuwa likiichunguza CIA, na harufu ya nyakati zile imo ndani yake. Lakini ni filamu ya aina moja kati ya nyingi, na miaka miwili baadaye aliyejaza kumbi ni Bond mwenye gari linalopiga mbizi.

Hoja ya Septemba 2001 ndiyo dhaifu kuliko zote. Mfano wake mkuu ni The Bourne Identity ya 2002: jasusi asiyejijua, anayewindwa na serikali yake mwenyewe. Riwaya ya Robert Ludlum ilitoka 1980, na sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imeshapigwa kabla minara ya New York haijaanguka. Filamu iliyopigwa baada ya mashambulizi yale ni Die Another Day, ambayo ilianza kupigwa Januari 2002. Na hofu mpya ya dunia ilimletea nini Bond? Gari lisiloonekana.

Hata hayo majonzi si mapya. Mwaka 1965, mwaka wa Thunderball, Richard Burton alicheza jasusi mchovu, mlevi, anayesalitiwa na wakubwa zake katika The Spy Who Came in from the Cold. Mwaka uleule Michael Caine alicheza The Ipcress File: jasusi mwenye miwani, anayesaga kahawa asubuhi, anayekumbana na bosi wake katikati ya rafu za vyakula dukani. Mtayarishaji wake alikuwa Harry Saltzman, yuleyule wa Bond. Mfanyabiashara mmoja, zama zilezile, mabucha mawili. Anayesema jasusi wa kawaida aligunduliwa karne hii hajazitazama.

Sisi wa Afrika Mashariki tungekuwa wa kwanza kulishtukia dai hilo la kioo cha historia. Casino Royale ya 2006 inatuonyesha kambi ya waasi wa LRA, na maandishi yanasema tuko Mbale, Uganda. Mbale iko mashariki, chini ya Mlima Elgon; vita vya LRA ya Joseph Kony viliiteketeza hasa kaskazini. Kiongozi wa waasi ni mwigizaji wa Ivory Coast, na msitu wenyewe uko Uingereza. Miaka ya mateso ya watu wa Acholi imekuwa pazia la nyuma. Mlinganishe Bond na jasusi Willy Gamba, ambaye Elvis Musiba alimleta katika riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, Dar es Salaam ikiwa makao ya kamati ya ukombozi ya OAU. Gamba ana warembo na bastola kama Bond, hilo sibishi, ila maadui zake ni Makaburu na vibaraka wao, watu tuliokuwa nao vitani kweli.

Kwa hiyo anayetaka kujua jasusi ajaye atakuwa wa namna gani aache kupekua habari za Moscow na Beijing, aangalie mapato ya kumbi za mwaka jana. Februari 2025 usukani wa ubunifu wa Bond ulitoka mikononi mwa watayarishaji wake, Barbara Broccoli na Michael G. Wilson. Uliochukua si mkono wa idara yoyote ya usalama. Ni Amazon MGM.