Lugha ya Alama Ianzie Nyumbani

Mtoto wa Kifipa hujifunza adabu ya mikono kabla hajajua kutamka neno. Akiwa mgongoni mwa mama yake huwaona wakubwa wakiinama na kupiga makofi taratibu wanapoamkiana, naye akishikwa mikono hufuatisha. Hakuna mzazi wa Sumbawanga, Laela wala Matai anayehofu kwamba makofi hayo yatamchelewesha mwanawe kusema.

Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwa sababu huko Marekani kuwafundisha alama watoto wachanga wanaosikia kumegeuzwa biashara. Mwaka 1996 Linda Acredolo na Susan Goodwyn wa California walitoa kitabu kilichoieneza desturi hiyo, na wauzaji wa mafunzo wakawaahidi wazazi watoto wenye akili na maneno mengi kuliko wenzao. Ahadi hiyo ni ya kutiliwa shaka. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 40, waliofuatiliwa tangu umri wa miezi 8 hadi 20. Waliofundishwa alama hawakuwatangulia wenzao katika kusema. Lakini hawakubaki nyuma pia, na hapo ndipo penye faida kwa Ufipa, ambako mtoto hukua na Kifipa na Kiswahili kwa pamoja bila kudhurika.

Walio wengi miongoni mwa watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Uziwi hauonekani kwa macho; mara nyingi hugunduliwa pale wenzake mtoto wanapoanza kusema naye akanyamaza. Wengine huupata baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Mtoto wa namna hiyo aweza kufikia umri wa shule bila lugha yoyote, si Kifipa, si Kiswahili, si ya alama. Huonyeshwa maji, ugali na jembe. Haelezwi kwa nini babu yake hakurudi kutoka hospitali.

Shule ya viziwi ilianzishwa Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni ikafuata mwaka 1974. Kazi yake ni kubwa. Hata hivyo, mwanafunzi anayetoka Ufipa akaenda kusoma mbali hurudi likizo na lugha ambayo nyumbani hakuna wa kuizungumza naye, hata ndugu aliyenyonya naye ziwa moja.

Kwa hiyo wanaopaswa kufundishwa ni wale wanaosikia, tena mapema: wachanga pamoja na mama zao siku za kliniki, na wadogo katika madarasa ya awali. Mama hatapoteza siku ya kulima. Alama ya maziwa hufundishwa wakati wa kunyonyesha. Ni kweli kwamba alama ishirini si lugha, na mwalimu asimdanganye mzazi katika hilo. Lakini nyumba yenye alama ishirini haianzi na mikono mitupu siku uziwi utakapogunduliwa.

Wafundishaji wapo, nao ni viziwi wenyewe, ambao tangu miaka ya 1980 wana chama chao, CHAVITA. Walipwe posho kama mwezeshaji mwingine yeyote. Kazi ianzie katika kijiji kimoja ambacho tayari kinamjua mtoto wake kiziwi, na majirani waitwe pamoja na wazazi.