Bandari na taji la ligi: mimi wa Ukunda nasema hivi

Ligi ikikaribia kuanza, kuna swali ambalo lazima niulizwe pale kwa mama wa mahamri, kituo cha matatu cha Ukunda: "Mwana, mwaka huu wenu watachukua?" Wenu ni Bandari FC. Anayeuliza ni shabiki sugu wa Gor Mahia, na haulizi kwa kutaka kujua. Anauliza apate kucheka.

Safari hii nimeamua kumjibu kwa maandishi, asije akaligeuza jibu langu mbele ya watu. Ligi hatuchukui. Kombe, tunaweza. Na nyinyi wenzangu wa ng'ambo hii ya feri mnaojiandaa kunitukana, hebu nisomeni kwanza.

Pwani imewahi kushinda ligi ya Kenya mara moja tu, mwaka 1965, kupitia Feisal ya Mombasa. Ligi yenyewe ilikuwa imeanza 1963. Mjomba wangu wa Msambweni, aliyekuja kuwa makuli bandarini miaka mingi, alikuwa mtoto wakati huo, lakini bado anaisimulia utadhani ilikuwa Jumapili iliyopita. Mimi sina cha kusimulia. Miaka sitini, jamani! Babu wa mtu anazaliwa, anaoa, anazikwa, kombe halijavuka Mtito Andei.

Sasa tazama hesabu. Kuanzia 2011 hadi 2024 yalitolewa mataji 14 ya ligi. Gor walibeba tisa, Tusker watano. Basi. Mwaka 2025 Kenya Police ndio waliokuja kuivunja hiyo ndoa, wakatwaa taji lao la kwanza. Tangu siku hiyo kila kijiwe kina mtu anayesema, "Kama polisi wameweza, Bandari je?" Naelewa hamu yake. Lakini Police ni timu ya Nairobi, na ilikusanya wachezaji waliokwisha komaa kwingine. Timu ya mwisho kutoka nje ya Nairobi kushinda ligi ni Ulinzi Stars ya Nakuru, 2010, nao ni wanajeshi, mshahara wao hauchezi.

Si kwamba hatujakaribia. 2018 tulimaliza wa pili nyuma ya Gor. Msimu wa 2018/19 tukamaliza wa pili tena, nyuma ya Gor hao hao. Mwaka huo wa 2019, chini ya kocha Bernard Mwalala, yule aliyewahi kuwa mshambuliaji wa Yanga kule Dar es Salaam, tukachukua kombe la Shield, kama tulivyolichukua 2015. Tukaenda Afrika, tukawatoa Al-Ahly Shendi ya Sudan na Ben Guerdane ya Tunisia kabla ya Horoya ya Guinea kutusimamisha. Timu mbovu haimtoi Mtunisia.

Shida yetu ni urefu wa ligi. Mechi 34 ni nyingi, na ramani haitupendi. Timu ya Nairobi hucheza ugenini na wachezaji wakalala kwao. Sisi kila ugenini ni safari. Ukipangiwa Kakamega ni zaidi ya kilomita 800 kwenda, na kurudi vilevile. Halafu kuna pumzi. Mchezaji anafanya mazoezi Mbaraki, upepo wa bahari usoni, kisha Jumamosi anakimbia Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Dakika ya 70 unaiona miguu imekuwa ya mkopo. Najua mtasema wao nao wakija huku saa tisa ya jua wanayeyuka. Kweli, wanayeyuka. Lakini wao wanayeyuka mara moja kwa msimu, sisi twapanda juu kila baada ya wiki mbili.

Kombe ni kitu kingine. Mechi chache, siku moja mbaya ya mkubwa, na wewe uko fainali. Hapo ndipo Bandari hupata moto.

Hili la mashindano mafupi na marefu lilinikaa kichwani usiku mmoja wa Februari 2025. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye baa ya hoteli moja Diani. Saa nane na nusu usiku, wageni wawili wa Marekani wakaomba tuwawekee Super Bowl, ile fainali ya mpira wao wa kubeba mikononi. Philadelphia Eagles waliwatwanga Kansas City Chiefs 40-22. Mzee mmoja kati yao hakushangilia hata kidogo. Nikamuuliza timu yake ni ipi. Detroit Lions, akasema. Taji lao la mwisho ni la 1957, na Super Bowl hawajawahi hata kuicheza. Msimu ule walikuwa wameshinda mechi 15 kati ya 17, kisha Washington wakaja kuwatoa nyumbani kwao katika mchujo. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia sisi ni 1965, naye akaniagizia soda.

Yule mzee ndiye aliyenieleza wanavyofanya kwao. Timu iliyoburura mkia ndiyo ya kwanza kuchagua vijana wapya wanaotoka vyuoni, na kuna kiwango cha mishahara ambacho hakuna timu inayoruhusiwa kukipita. Ndiyo maana Lions, waliowahi kupoteza mechi zote 16 mwaka 2008, waliweza kuinuka hadi kuogopwa. Mwenye pesa hawezi kununua kila mtu.

Huku kwetu anaweza. Na hapa ndipo ninapokasirika, manake si suala la kikombe kabatini tu.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, guu la kushoto, wallahi ukimwona ufukweni maji yakipwa, mpira haumtoki mguuni. Alipofika miaka 19 alichukuliwa na timu moja ya bara. Mama yake akauza mbuzi apate nauli na viatu. Alikaa miezi saba, akalipwa miwili. Alirudi na begi lile lile. Siku hizi anawatafutia watalii boti za kwenda Wasini, na ukimwambia njoo tucheze anasema goti linauma. Goti haliumi. Namjua.

Kijana kama huyo angepata nafasi ng'ambo tu ya feri, angelala kwao, angekula kwao, na ile pesa kidogo ingemtosha. Ndio wachezaji Bandari inaowahitaji: waliozoea joto, wasiotamani kukimbilia bara dirisha la uhamisho likifunguliwa. Nataka kuona watu wa klabu wakija kukaa kwenye mashindano yetu ya vijiji, Msambweni, Lungalunga, Kinango, wakiwa na daftari mkononi. Siyo kusubiri mchezaji atajwe Nairobi ndipo tumnunue kwa bei ya Nairobi.

Mkinibana kabisa nitoe hesabu: ligi nawapa Bandari nafasi moja kati ya kumi, na hiyo moja ni ya mapenzi. Kombe nawapa moja kati ya nne. Msiende kubeti kwa maneno yangu. Mkeka wangu wa mwisho ulichanika kabla ya mapumziko.

Nafasi hiyo moja kati ya kumi itaongezeka siku tutakapoacha kutoka sare nyumbani. Sare ya Nairobi naikubali. Ya Mbaraki, mbele ya watu waliopanga foleni ya feri kwenye jua, siikubali.

Mjomba nimemsomea haya yote jana. Akanyamaza, akamaliza kahawa yake, kisha akauliza mechi ya kwanza ya nyumbani ni lini, na kama bado nina ile fulana ya ziada.

Ninayo. Tutapanda matatu mapema, tupite Likoni kabla foleni haijajaa.