Hisa na Hatifungani: Jua Unachonunua Kabla ya Kuuliza Hukumu

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Siku hizi Muislamu aliyeko Moshi mjini au Marangu anaweza kununua hisa kwa simu bila kufika Dar es Salaam. Wengi huuliza: ni halali? Hukumu hufuata kitu chenyewe, na soko hilo moja huuza vitu viwili visivyofanana.

Wenyeji wa mlimani wamelizoea neno hisa kupitia ushirika wa kahawa, tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, kura hufuata wingi wa hisa, na bei hubadilika.

Hisa ni fungu la umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida na ikaamua kuigawa, fungu lako huitwa gawio. Gawio halina ahadi, wala bei haina dhamana: hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na mwaka 2020 bei ilikuwa chini ya hapo.

Hatifungani si umiliki, ni deni. Unaikopesha serikali au kampuni, nayo inaahidi kurudisha mtaji wako pamoja na nyongeza iliyopangwa. Nyongeza hiyo ni riba, hata ikiitwa faida. Suratul Baqara, aya ya 275, imetenganisha biashara na riba. Mbadala wake ni sukuk, ambayo mwenye nayo hupata fungu katika mali au mradi. KCB Bank Tanzania iliitoa mwaka 2022.

Hata hivyo, hisa haiwi halali kwa jina lake. Ukinunua hisa za TBL unamiliki kiwanda cha bia, ikiwemo ile yenye jina la mlima wetu. Benki zinazoendeshwa kwa riba ni vivyo hivyo. Saruji ya Twiga au gesi za TOL asili yake ni biashara ya mubaha, lakini tazama mikopo ya kampuni. Hapo wanazuoni wamekhitilafiana: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokaa Jeddah mwaka 1992, liliona asili ni kutojuzu kampuni ikijihusisha na riba, AAOIFI imeruhusu kwa masharti, yakiwemo mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, pato la haramu lisizidi asilimia 5, na pato hilo litolewe, lisitumiwe.

Basi kabla ya kutuma fedha, uliza: ni umiliki au deni? Kampuni inafanya nini? Dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Na anayekuahidi kiasi maalumu kila mwezi kwa jina la hisa, hakuuzii hisa. Huo ni mkopo wa riba au utapeli.

Wallahu a'lam.