Mgongo Hauponi kwa Kuning'inizwa

Imani moja imeingia majumbani mwetu kupitia matangazo ya simu. Inasema mgongo unauma kwa sababu uzito wa mwili unazikandamiza pingili mchana kutwa, na tiba yake ni kufunga vifundo vya miguu kwenye meza maalumu, kuegemea nyuma na kuning'inia kichwa chini mpaka pingili ziachane. Baada ya hapo mjadala wote ni meza ipi inunuliwe: yenye godoro, yenye joto au inayokunjwa. Nasema swali hilo linaulizwa mapema mno. Wengi wanaoumwa mgongo hawaihitaji meza hiyo, na wapo ambao itawadhuru.

Ni kweli kwamba diski, ile mito laini kati ya pingili, hupoteza maji tukiwa tumesimama au tumeketi, na jioni kimo hupungua kama sentimita moja. Lakini tukilala, maji hurudi na kimo pia. Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Sweden, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai miaka ya 1960 akakuta kwamba mtu aliyelala analo dogo sana kuliko aliyesimama. Kitanda kinafanya kazi hiyo kila usiku bila malipo. Na anayeshuka kwenye meza ya kuning'inia hubeba uzito wake wote tena papo hapo.

Kama uzito ndio adui, basi wanaanga wangekuwa na migongo yenye afya kuliko sisi sote. Wakiwa angani hawaelemewi na uzito, na kimo chao kinaweza kuongezeka kwa hadi asilimia 3. Hata hivyo wengi wao huumwa mgongo siku za mwanzo za safari, na wakirudi duniani wana hatari kubwa zaidi ya diski kutoka mahali pake. Uti wa mgongo umeumbwa kubeba mzigo, na misuli inayoushikilia hudhoofika isipotumika.

Watetezi wa meza hizi hutaja utafiti uliofanyika Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2012. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa diski waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililogeuzwa kichwa chini pamoja na kupewa mazoezi tiba, 10 walikwepa upasuaji. Katika kundi la mazoezi tiba pekee, ni 2. Matokeo hayo yanastahili heshima. Lakini wagonjwa waliogawanywa walikuwa 24 tu, wenye tatizo moja mahususi, chini ya uangalizi wa wataalamu. Kutumia matokeo hayo kumuuzia meza kila mwenye maumivu ya kiuno ni kumpotosha. Kuning'inia ni namna mojawapo ya kuvuta mgongo. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 32 ya kuvuta mgongo kwa njia mbalimbali, yakakuta kwamba kuvuta kunasaidia kidogo sana au hakusaidii kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeshauri kuvuta kusitumike katika huduma ya kawaida.

Wanaoshuhudia kwamba walipona nawaamini. Walipona kweli. Ila maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua ndani ya wiki chache hata mtu asiponunua chochote, na kifaa kilichonunuliwa wakati huo ndicho hupewa sifa.

Kinachonikera zaidi ni kimya cha wauzaji kuhusu macho. Mtu akiwa kichwa chini kabisa, shinikizo ndani ya jicho linaweza kupanda hadi karibu mara mbili. Kwa mwenye glakoma, ile presha ya macho inayoua mshipa wa kuona polepole bila maumivu, huko ni kuchezea upofu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta ugonjwa huo kwa zaidi ya watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Huo ndio umri ambao kiuno huwasumbua wengi. Ongeza presha ya damu, ambayo wengi wetu wanayo bila kujua, na ugonjwa wa moyo. Anayekuuzia meza hii bila kukuuliza hata swali moja kuhusu afya yako hakujali.

Kama mtaalamu wa mazoezi tiba amekupima na kukushauri uitumie, chagua yenye kizuizi cha mwinamo unachoweza kukiweka mwenyewe na vishikio vya vifundo vinavyofunga imara. Anza na mwinamo mdogo, na pasikose mtu karibu.

Usipokuwa na ushauri huo, baki na pesa yako. Pima presha, pima macho, kisha mwone mtaalamu wa mazoezi tiba akufundishe mazoezi ya kiuno, nawe tembea kila siku. Na ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikutoka bila kutaka au ukikataa kutoka, au mguu ukikosa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.