Bisibisi Si Adui wa Rili Kuukuu

Yapo maneno mawili ninayoyasikia mara kwa mara kuhusu rili kuukuu za kuvulia baharini, na yote mawili nayapinga. La kwanza ni la mwuza zana: "Hiyo imepitwa na wakati, itupe, ununue mpya." La pili ni la mkusanyaji wa vitu vya kale: "Usiiguse hata skrubu moja, utaiharibia asili yake." Wasemaji hawa wawili hujiona mahasimu. Mimi nawaona ndugu wa tumbo moja, kwani wamekwisha kuafikiana katika lililo kubwa, nalo ni kwamba rili ile isirudi baharini. Huyu aipeleka jaani, yule aipeleka kabatini.

Nikisema rili nakusudia ile ya namna ya zamani, ambayo ngoma yake ya kuzungushia mshipi imelala kukingama juu ya ufito, na huzunguka pale mvuvi anapozungusha mkono ulio ubavuni. Wazee wetu walivua kwa mshipi wa mkononi, na wengi wangali wakivua hivyo hivyo, breki yao ikiwa ni vidole vyao wenyewe. Rili zilikuja pwani yetu na wavuvi wa burudani, waliowafuata sulisuli na jodari katika mkondo wa Pemba na bahari ya Malindi, na baadhi yake zikabaki mikononi mwa watu wa hapa. Kwa hiyo neno hili latuhusu nasi, ingawa chimbuko la chombo chenyewe liko mbali.

Na chimbuko hilo lina funzo. Mwanzoni mwa karne ya 20, samaki mkubwa alipokimbia na mshipi, mkono wa rili nao ulizunguka kinyumenyume kwa kasi ya kuvunja vidole. Breki ilikuwa ni kipande cha ngozi tu, kikandamizwacho kwa dole gumba juu ya ngoma. Mvuvi mmoja wa kisiwani Santa Catalina, California, jina lake William Boschen, hakuridhika na hali hiyo. Akabuni breki ya ndani, ikazwayo kwa gurudumu lenye umbo la nyota, na fundi Julius vom Hofe wa Brooklyn akamtengenezea. Mwaka 1913, kwa rili hiyo, Boschen akamtoa nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama upanga, wa kwanza wa aina yake kupatikana kwa ufito na rili. Basi ile nyota ambayo mkusanyaji wa leo anaiita asili isiyoguswa, yenyewe ni kazi ya mtu aliyekataa kukiacha chombo kama alivyokikuta.

Tuchukue mfano mmoja ulio maarufu kuliko yote. Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kiwanda cha Penn mjini Philadelphia mwaka 1932, na mwaka 1936 kikatoa rili iitwayo Senator. Ni chombo cha watu wa kazi: mabamba meusi ya bakelaiti ubavuni, pete na nguzo za chuma za kuyaunganisha, gia, ngoma, na nyota yake. Uzuri wake mkubwa haupo katika mng'ao wa kromu, bali katika hili: hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vingi vya miongo mbalimbali huingiliana. Hakuna mwalimu aliyenifunza kuifungua. Niliifungua mezani, nikakipanga kila kipande kwa mfuatano juu ya kitambaa cheupe, nikakirudisha kimoja kimoja kwa kurudi nyuma. Chombo kinachomfunza namna hii mtu asiyekwenda chuo kimeumbwa ili kiguswe.

Sasa namwuliza mkusanyaji: ndani ya rili yako hiyo isiyoguswa umetia mshipi gani? Senator ya mwaka 1936 ilizaliwa kwa ajili ya mshipi wa kitani, ambao ulipaswa kuoshwa na kuanikwa kila jioni usije ukaoza. Nailoni ilikuja baadaye. Nayo, kwa kuwa hunyumbuka, ikizungushwa hali imevutwa na samaki hujibana juu ya ngoma kwa nguvu ya kuweza kuipasua ngoma ya plastiki. Ndiyo maana wenye busara wakabadili na kutia ngoma za chuma. Miaka ya 1990 ikaenea mishipi ya kusuka, myembamba mno kuliko nailoni ya nguvu ile ile, na rili ndogo ikaweza kubeba mshipi wa kumvutia samaki ambaye zamani alihitaji rili kubwa mara mbili. Aliyetia nailoni amekwisha kuibadili rili yake. Tofauti yake na fundi ni kwamba fundi anajua alichokibadili.

Hoja hii haipaswi kuwa ngeni kwa watu wa visiwani. Nani kati yetu aliyepata kumwambia nahodha kuwa jahazi lake si lile tena, eti kwa kuwa limetiwa mbao mbili mpya na kukalafatiwa upya? Jahazi lisilobadilishwa ubao ni lile lililokwisha kuoza ufukweni.

Haifuati kwamba kila badiliko ni jema, na hapa namgeukia yule wa tatu, ambaye hasemi bali hufanya: mwenye pupa. Namjua vizuri, maana nimekuwa yeye. Breki ya nyota ni mrundiko wa washa ndani ya gia kuu, za chuma na za kusugua zikipishana. Nyota ikikazwa, hubanana. Katika rili nyingi za kale zile za kusugua zilikuwa za ngozi au za nyuzi zilizoshindiliwa, ambazo zikipata joto huganda na kuachia, mshipi ukatoka kwa mishtuko na kukatika. Nikazitoa, nikatia washa za nyuzi za kaboni, zisizojali joto, nikazipaka grisi yake. Mshipi ukatoka laini kama mafuta. Nami kwa furaha nikaikaza nyota kuliko ilivyopata kukazwa tangu rili ile izaliwe. Akaja kolekole mkubwa, akavuta, nikavuta, kisha mkono ukaanza kuzunguka bure: meno ya gia yamekatika. Breki ile dhaifu, kumbe, ndiyo iliyokuwa ikiyalinda meno yale muda wote.

Siku ile ndipo nilipofahamu kuwa nguvu ndani ya rili ni kama maji: ukiliziba tundu hili, hutafuta jingine. Ukiimarisha breki, mzigo huhamia kwenye gia. Ukitia gia ya chuma kisichoshika kutu, huhamia kwenye bomba dogo linaloishika gia hiyo, na kwenye kile kijino kimoja kinachozuia mkono usirudi nyuma. Ukiviimarisha hivyo navyo, huhamia kwenye fremu, nayo mabamba yaliyoshikwa kwa nguzo nyembamba huanza kujipinda. Wamarekani waliliona jambo hili zamani. Carl Newell wa California alianza kwa kutengeneza vipuri vya kuimarisha rili za Penn kabla hajatengeneza rili zake mwenyewe, na baada yake wakaja wengine na fremu za alumini za kipande kimoja. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi lazima ujue mwisho wako. Mshipi wa nguvu ya kilo 36 hutakiwa breki ya robo hadi thuluthi yake, yaani kilo 9 hadi 12. Mwenye kuvua nguru hana haja ya zaidi ya hapo, na kila kinachozidi ni majivuno yanayotafuta pa kuvunjikia.

Na yapo mabadiliko ambayo hayastahili kuitwa maendeleo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wako wanaotoa bushi za shaba na kutia beringi ili ngoma izunguke kwa wepesi, wakasahau kuwa bushi yenye tone la mafuta huvumilia chumvi kwa miaka, ilhali beringi isiyoshindiliwa grisi ikinywa maji ya bahari mara moja hukwama. Wako wanaofunga fremu ya alumini kwa skrubu za chuma bila ya kupaka chochote kati yake. Chumvi huzikutanisha metali hizi mbili, na moja humla mwenzake hata skrubu isitoke tena. Chombo cha kale wakati mwingine kinajua jambo ambalo sisi hatujalijua, na kazi ya kwanza ya fundi ni kulitafuta jambo hilo kabla ya kutoa kitu.

Wasomaji wa kurasa hizi wameshang'amua, nadhani, kwa nini mshairi amejiingiza katika grisi. Mabishano haya ndiyo yetu. Tunaye anayesema vina na mizani vimepitwa na wakati, vitupwe. Tunaye anayesema utenzi wa kale usiguswe hata herufi. Namwambia huyu wa pili: utenzi unaousoma kwa hati za Kilatini uliandikwa kwa hati za Kiarabu, mtu aliuhamisha, akaamua irabu hii na konsonanti ile, nawe unausoma na kulia. Nailoni imeshatiwa. Namwambia yule wa kwanza: kabla ya kuitoa mizani, iweke mezani uone ilikuwa ikilinda meno ya gia gani. Katika kazi yangu ya tafsiri nimevunja gia nyingi kwa kukaza nyota ya maneno mazito mahali ambapo ubeti haukuweza kuyabeba.

Namkubalia mkusanyaji jambo moja. Rili iliyobaki moja au chache, kama zile za mkono wa vom Hofe, na ikae salama katika makumbusho. Lakini Senator zilitengenezwa kwa miongo mingi, kwa wingi, kwa ajili ya maji ya chumvi. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wazee, na mbacha hutunzwa kwa kulaliwa.

Kwake yeye, na kwa kila aogopaye, natoa sharti ninalolifuata mwenyewe. Kila kipande kitolewacho ndani ya rili hupanguswa, hupakwa mafuta na kuwekwa katika kopo lenye kifuniko, pamoja na karatasi yenye tarehe na sababu ya kukitoa. Atakayeirithi rili akitaka kuirudisha ilivyokuwa, ataweza kwa nusu saa. Makopo hayo ninayo sita rafuni, karibu na madaftari ya tafsiri zangu, ambayo nayo yana matini asilia ukurasa wa kushoto. Rili zenyewe hazipo hapo. Ziko baharini.