Nyeupe ya Maziwa au Krimu?



Nyumba moja hapa Pasua yatuuliza: chumba wanamosomea watoto kipakwe nyeupe ya maziwa au krimu? Mama ataka hii, baba ataka ile, na mtoto wao asema haoni tofauti. Twadhani mtoto amesema kweli, kwani dukani, juu ya kipande cha karatasi kisichozidi kidole, rangi hizi mbili ni kama pacha. Hutengana zikiisha kupakwa, nayo fedha imekwisha kutoka.

Kinachozitenganisha ni nuru. Sisi twakaa kusini ya Kilimanjaro. Dirisha lielekealo mlimani hupata jua mwezi Juni na Julai, tena mara nyingi kwa mawingu, na dirisha la upande wa pili hulipata Desemba. Katika nuru ya mawingu, nyeupe huelekea kijivu, hali krimu hubakia na uchangamfu wake. Usiku, chini ya taa yenye nuru ya manjano, krimu huzidi umanjano. Na sakafu nyekundu, ambayo wengi wetu tunayo, hutupa wekundu wake juu ya zote mbili.

Basi nunueni makopo mawili madogo, mpake vipande viwili vya ubao, kila kimoja mara mbili, mviache vikauke kabisa. Viegemezeni ukutani kando ya karatasi nyeupe, mvitazame asubuhi, adhuhuri, na baada ya Magharibi taa ikiwashwa. Tena katika ile kona akaapo mtoto na juzuu yake, si mlangoni. Sisi kwa chumba cha kusomea twaielekea nyeupe ya maziwa, kwa kuwa hurudisha nuru zaidi. Alama za mikono, naam, zitaonekana upesi.

Lakini liko kubwa kuliko hili. Rangi za mafuta zimepata kutiwa madini ya risasi, hasa nyeupe na za manjano, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Mwenye kudhurika zaidi ni mtoto mdogo, nayo humharibia akili. Kopo lisiloandikwa kuwa halina risasi liacheni dukani, likiwa krimu au nyeupe. Na ukuta wa zamani unaobambuka msiukwangue mkavu: watoto watolewe kwanza, ukuta uloweshwe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.