Tumngoje Aliye Nyuma



Kipupwe kinapoingia na kusi kuipoza hewa ya pwani yetu, jamaa nyingi hutafuta pa kuwatembeza watoto. Mwezi wa Julai, familia tatu za kikundi chetu cha safari tuliazimia kuuzuru msitu wa Arabuko-Sokoke, tukiwa na magari matatu yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, tukafika Gede jua halijawa kali.

Msitu huu, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa zaidi uliosalia miongoni mwa misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Anayeupita kwa barabara ya Malindi hudhani una sura moja, kumbe sivyo. Penye mchanga mweupe imeota mirihi mirefu iliyoachana, na mwanga hupenya hadi chini. Penye udongo mwekundu miti ni mifupi na imesongamana, na humo huishi bundi mdogo wa Sokoke. Njiani watoto walimwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na manyoya ya dhahabu nyuma, akichakura majani makavu. Wakanyamaza wote bila kuamrishwa.

Kila ardhi ina uendeshaji wake. Mchangani tulipunguza upepo wa magurudumu ili yatandae yasizame. Kwenye udongo mwekundu, uliokuwa ungali na maji ya mvua, tulikwenda polepole kwa gia ndogo, bila kukanyaga breki ghafla.

Hayo tulikuwa tumejifunza. Tulilolisahau lilikuwa jepesi zaidi. Gari la tatu liliendeshwa na mama mmoja wetu, mjane, akiwa na wanawe watatu. Sisi tuliokuwa mbele tuliichangamkia njia, tukapinda kwenye njia panda pasipo kungoja. Tuliposimama na kutazama nyuma, tuliona gari moja tu. Simu hazikupata mtandao. Tembo wamo msituni humo, na kinyesi chao tulikuwa tumekiona asubuhi ile ile.

Tulirudi kimya. Baada ya karibu nusu saa tulimkuta, gurudumu la nyuma limezama topeni, madirisha yamefungwa, watoto wamejikunyata, naye ameshika usukani akivuta uradi. Hakutulaumu. Alisema tu, "Nilipiga honi." Sisi hatukuisikia, kwani garini mwetu kasida zilikuwa zikivuma kwa sauti kubwa.

Tulichimba kwa sepetu, tukatandika matawi makavu chini ya magurudumu, tukalivuta gari kwa kamba. Ilipofika saa nane tulikuwa bado mbali na kilima tulichokikusudia, tukaamua kurejea. Vijana walinung'unika. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, karibu na lango la msitu, kisha tukala wali wetu uliokwisha poa.

Kanuni ya msafara ni kwamba kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Akifika njia panda, hasogei mpaka alione. Hivyo mwendo wa aliye nyuma huwa ndio mwendo wa wote, na hapotei mtu hata magari yakiwa kumi. Tuliijua kanuni hiyo, ila hatukuipa uzito kwa kuwa tulikuwa wachache.

Ndugu wasomaji, tangu mama huyu afiwe na mumewe tumekuwa tukimwalika katika kila shughuli, tukadhani wajibu wetu umekwisha hapo. Siku ile tulitambua kwamba kumwalika mtu ni mwanzo tu, na kwamba tunawajibika pia kumngoja. Huenda mtaani mwetu yupo mwingine anayepiga honi, nasi hatumsikii kwa shangwe zetu.

Kwa wanaonuia safari kama hii kabla kipupwe hakijaisha: ombeni ruhusa katika kituo cha msitu cha Gede na mfuatane na mwongozaji mwenyeji. Msiende kwa gari moja. Asiye mzoefu awekwe katikati, na mzoefu afunge msafara. Chukueni maji ya kutosha, sepetu, kamba, na pampu ya kurudishia upepo kabla ya kuingia barabara ya lami. Mwachieni jamaa nyumbani saa mnayotarajia kurudi.

Mwezi ujao tutakwenda tena, inshaa-Allah. Safari hii mama yetu ataongoza.

Wabillahi tawfiq.